Ukisikia serikali inadhibiti maziwa, uliza inapima nini na inampimia nani

Kila kashfa ya maziwa ikitokea, popote pale duniani, watu wanauliza serikali iko wapi, sheria iko wapi. Na wana haki ya kuuliza. Ila kwa ninavyoona mimi sheria mara nyingi huwa ipo, tena imeandikwa vizuri na adhabu zake zote, shida ni kwamba haijui inapima nini wala inampimia nani, na hapo ndo watu wanaumia. Nimekuwa nikisoma sana haya mambo tangu mdogo wangu alipojifungua akashindwa kunyonyesha na kazi ya kununua maziwa ya kopo ikaangukia kwangu, maana ukisimama mbele ya kopo ambalo mtoto atakula hilo tu na hana chakula kingine chochote kwa miezi, unaanza kujiuliza nani amehakikisha kwamba kilichoandikwa nje ndicho kilichopo ndani.

Maziwa ni rahisi sana kuchakachua. Ni meupe, huoni ndani, yanatoka kwa ng'ombe wengi yanamiminwa kwenye tanki moja, yanaharibika haraka kwa hiyo kila mtu ana haraka ya kuyatoa mkononi mwake, na anayeyanywa zaidi ni mtoto ambaye hawezi hata kusema haya ya leo yana ladha ya ajabu. Codex, ile tume ya viwango vya chakula iliyo chini ya FAO na WHO, yaani mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, inaeleza maziwa kwa maneno machache tu: ni yale yanayotoka kwenye kiwele cha mnyama anayekamwa, bila kuongezwa kitu na bila kutolewa kitu. Basi. Ugomvi wote wa karne mbili uko hapo kwenye kuongeza na kutoa.

Miaka ya 1850 pale New York ng'ombe walikuwa wanafungiwa kwenye mabanda jirani na viwanda vya pombe kali, chakula chao ni machicha ya moto yaliyobaki kiwandani, wanaugua humohumo ndani, na maziwa yao yalikuwa mepesi yana rangi ya kibuluubuluu kwa hiyo wauzaji wakawa wanatia chaki na unga yaonekane mazito na meupe. Mwaka 1858 gazeti la Frank Leslie likachapisha michoro ya hayo mabanda, watu wakawaka, jiji likaunda kamati ya uchunguzi na kamati ikaja na majibu ya kuwasafisha wenye mabanda. Sheria ya jimbo ilipatikana 1862. Miaka minne baadae, na watoto wameendelea kunywa.

Ila sasa hata ukishapata sheria, unakamataje? Hapa ndo kuna utamu wa mambo na hapa ndo nataka tukae kidogo.

Kifaa cha zamani kuliko vyote ni laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa. Kinapima uzito wa maziwa ukilinganisha na maji, na maziwa mazima yanasoma karibu 1.030. Ukitia maji, uzito unashuka, kijiti kinazama zaidi, mkaguzi anakuona. Vizuri. Lakini mafuta ya maziwa ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo ukiengua krimu yale yanayobaki yanakuwa mazito zaidi na kijiti kinapanda. Umeona mlango ulipo? Mtu anaengua krimu kwanza, anaiuza kivyake kwa bei nzuri, halafu anaongeza maji taratibu mpaka kijiti kirudi palepale pa halali. Ametoa na ameongeza, amevunja sheria mara mbili, na laktomita inasema maziwa ni mazima. Kosa moja lingemkamatisha, mawili yakamficha!

Ndo maana kile alichofanya Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1890 mimi nakiheshimu kuliko sheria nyingi. Alitengeneza kipimo cha mafuta ambacho mtu yeyote kwenye kituo cha kukusanyia maziwa angeweza kukitumia: unachanganya maziwa na asidi ya salfuriki, asidi inayeyusha kila kitu isipokuwa mafuta, unaweka chupa kwenye mashine ya kuzungusha, mafuta yanapanda shingoni mwa chupa ambapo kuna mistari, unasoma asilimia. Na hakuchukua hataza, aliwaachia watu watumie bure. Kabla ya hapo mfugaji alikuwa analipwa kwa wingi wa maziwa tu, kwa hiyo aliyetia maji alilipwa zaidi ya yule aliyeleta maziwa mazuri, yaani mfumo wenyewe wa malipo ulikuwa unamwadhibu mkweli. Kipimo kilipokuja viwanda vikaanza kulipa kwa mafuta, na kutia maji au kuengua krimu kukaacha kuwa na faida hata kabla mkaguzi hajafika.

Kwa maji peke yake baadae kikaja kipimo cha kugandisha. Maziwa hayagandi kwenye nyuzi sifuri kama maji, yanaganda chini kidogo, kama -0.52 hadi -0.54 hivi, na ukiongeza maji hiyo namba inasogea kuelekea sifuri. Ni kipimo kizuri sana na bado kinatumika. Na bado kuna mtu alikaa akakisoma, akagundua ukitia chumvi kidogo au sukari au urea namba inarudi ilipotakiwa kuwa. Yaani kila ukitangaza kipimo, umemtangazia na yule mwizi. Simaanishi vipimo vifichwe, hapana, mfanyabiashara mwaminifu lazima ajue anapimwa kwa kipimo gani, nasema tu ukiwa na kimoja ujue kina siku zake.

Kuna kitu cha Uingereza cha zamani nakipenda na sielewi kwanini hakiongelewi sana. Sheria yao ya 1875 ilisema mkaguzi akichukua sampuli ya chakula inagawanywa mafungu matatu, moja anaachiwa muuzaji, moja linaenda kwa mkemia, moja linatunzwa kwa ajili ya mabishano. Halafu kanuni za maziwa za 1901 zikasema yakiwa na mafuta chini ya asilimia 3, au vile vigumu visivyo mafuta chini ya asilimia 8.5, yatahesabiwa kwamba si halisi mpaka mwenyewe athibitishe vinginevyo. Na mfugaji aliyeona ameonewa aliweza kuwaita waje zizini, wasimame waone ng'ombe anakamwa mbele ya macho yao, wachukue sampuli hapohapo wakailinganishe. Maana kuna ng'ombe kweli anatoa maziwa mepesi bila mtu kutia hata tone la maji! Hii ndo naita sheria yenye akili, inamkamata mwizi lakini inampa mkweli njia ya kujitetea kwa ushahidi wa kweli na sio kwa kumjua mtu ofisini.

Sasa tuje kwenye lile ambalo mimi kila nikilisoma nakasirika upya, melamini ya China mwaka 2008.

Ili uelewe ilivyotokea lazima ujue protini ilikuwa inapimwaje. Njia iliyozoeleka aliibuni Johan Kjeldahl pale maabara ya Carlsberg huko Copenhagen mwaka 1883, na haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni, halafu unazidisha kwa namba fulani, kwa maziwa ni 6.38, unapata protini. Inafanya kazi vizuri kabisa kama naitrojeni yote iliyomo imetoka kwenye protini. Lakini nani kasema itakuwa hivyo? Protini ya maziwa ina naitrojeni kama asilimia 16. Melamini, ile kemikali ya kutengenezea sahani ngumu za plastiki na gundi za mbao, ina naitrojeni karibu asilimia 67. Kwa hiyo ukiwa na maziwa uliyotia maji mengi mpaka protini imeshuka, unatia unga kidogo wa melamini na mashine inasoma protini safi kabisa. Ni ileile mbinu ya laktomita, toa hapa jazia pale, tofauti ni kwamba hii ya sasa iliingia kwenye figo za watoto wachanga ikatengeneza mawe.

Watoto karibu 300,000 waliathirika. Zaidi ya 50,000 walilazwa. Kwa hesabu ya serikali 6 walikufa. Mtoto wa miezi michache na mawe kwenye figo jamani.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mbinu ya kupima protini halisi ilikuwepo siku nyingi tu. Unaigandisha protini kwa asidi, unachuja, unapima kile kilichoganda peke yake, melamini inabaki kwenye maji uliyochuja na haihesabiwi. Sio teknolojia ya ajabu. Ni hatua moja zaidi maabara, ni muda kidogo na hela kidogo, na watu wakaiacha kwa sababu namba ya Kjeldahl ilikuwa inatosha kwenye karatasi.

Halafu kulikuwa na utaratibu wa kusamehewa ukaguzi. Kampuni kubwa yenye sifa nzuri ilikuwa inapewa cheti kwamba bidhaa zake hazihitaji kukaguliwa na serikali, na Sanlu, kampuni iliyokuwa katikati ya hii kashfa, ilikuwa nacho. Malalamiko ya wazazi yalikuwa yanaingia tangu mwishoni mwa 2007. Mwanzoni mwa Agosti 2008 kampuni ilishajua kuna melamini, na mshirika wake Fonterra wa New Zealand mwenye hisa asilimia 43 aliambiwa tarehe 2 Agosti, wiki ileile Olimpiki inafunguliwa Beijing. Umma ukatangaziwa tarehe 11 Septemba. Hizo siku zote katikati makopo yalikuwa yanafunguliwa majumbani na mama anakoroga akiamini anachofanya. Serikali ilipokuja kupima viwanda 109 vya maziwa ya watoto ikakuta melamini kwenye bidhaa za viwanda 22, yaani halikuwa kosa la kampuni moja tu, ni njia ya kupima ambayo wote walishaijua udhaifu wake. Msamaha wa ukaguzi ukafutwa mwezi huohuo, mkuu wa mamlaka ya ubora akajiuzulu, watu wawili wakauawa kwa hukumu ya kifo mwaka uliofuata, na sheria mpya ya usalama wa chakula ikaanza Juni 2009. Mwaka 2010 Codex ikaweka kikomo cha miligramu 1 ya melamini kwa kilo ya maziwa ya unga ya watoto.

Watu wengi wanakumbuka zile adhabu za kifo. Mimi nakumbuka kile cheti cha kusamehewa ukaguzi, maana adhabu imekuja mtoto ameshazikwa lakini kile cheti kilisainiwa mapema na mtu aliyekaa mezani, kikampa mkubwa ruhusa ya kutotazamwa. Serikali yoyote inayosema huyu ana jina zuri tumwache, imeshaacha kazi yake.

Hayo ni ya usafi. Upande wa lebo mambo yanageuka kidogo, maana huko ndo nimekuta sheria nyingi ambazo ukizichunguza hazimlindi mnywaji kabisa, zinamlinda muuzaji dhidi ya muuzaji mwenzake. Na zote zinajiita sheria za kumlinda mlaji.

Majarini ilibuniwa na Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès mwaka 1869 na ilipofika Marekani kweli kulikuwa na watu wanaiuza kama siagi, huo ni utapeli na dawa yake ilikuwa wazi, andika kwa herufi kubwa majarini na anayeficha apigwe faini. Badala yake mwaka 1886 ikawekwa kodi ya senti 2 kwa kila ratili, na 1902 ile iliyotiwa rangi ya njano ikapandishwa mpaka senti 10 huku isiyo na rangi ikiwa robo senti tu. New Hampshire walifika mahali pa kulazimisha majarini ipakwe rangi ya waridi ili ichukize, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ikaitupa hiyo sheria mwaka 1898. Wisconsin walikataza majarini ya njano hadi 1967, Quebec kule Canada hadi 2008! Na wakati huo wote siagi yenyewe ilikuwa inatiwa rangi ya njano majira ya baridi, ng'ombe wasipopata majani mabichi siagi inapauka. Sasa hapo mnunuzi amelindwa na nini? Ameongezewa bei tu.

Na kuna kesi ya Florida ambayo ndo imenifungua macho kabisa. Kuna kiwanda kidogo, Ocheesee Creamery, kilikuwa kinauza maziwa yaliyoenguliwa krimu bila kuongeza chochote. Ukiengua krimu vitamini A inaondoka nayo, na kanuni za jimbo zilitaka irudishwe ndo uruhusiwe kuandika kwenye chupa maziwa yaliyoenguliwa. Wao hawakutaka kuongeza kitu. Mwaka 2012 jimbo likawazuia kuuza kwa jina hilo, likawataka waandike ni bidhaa ya kuigiza maziwa. Yaani maziwa yaliyoenguliwa na hayana kingine ndani yake yaitwe ya kuigiza, na yale yaliyoongezwa kitu ndo yawe halisi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikasema hapana, kinachosemwa na hiki kiwanda ni kweli na huwezi kumzuia mtu kusema ukweli kwenye chupa yake. Mimi ningetaka tu lebo iseme pia kwamba vitamini A haikurudishwa, maana hiyo ni habari ambayo mzazi anaihitaji, na kiwanda chenyewe kilikuwa tayari kuandika kitu cha namna hiyo. Hapo kila mtu angepata anachohitaji bila kwenda mahakamani miaka.

Haya mabishano ya soya na lozi kuitwa maziwa sitayakalia sana. Mahakama ya Ulaya mwaka 2017 ilisema bidhaa ya mimea haiwezi kuuzwa kwa jina la maziwa, siagi au jibini, ukiacha majina machache ya kizamani waliyoyaorodhesha, na Marekani FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, mwaka 2023 ikatoa rasimu inayosema jina liruhusiwe ila mtengenezaji ashauriwe kuandika pale virutubisho vinapopungua ukilinganisha na maziwa. Naona wa pili wamegusa kitu cha maana zaidi, kwa sababu mtu anayenunua soya anajua ni soya, asichojua ni kama protini na kalsiamu anayoitegemea imo. Ila wameshauri tu, hawajalazimisha, na ushauri kwa mwenye kiwanda ni kitu chepesi sana.

Lebo ya kuisimamia kwa nguvu zote kwangu mimi ni ile inayosema jambo ambalo mnunuzi hawezi kabisa kulijua kwa macho wala ulimi. Mfano imeandikwa yamechemshwa kiwandani kwa joto la kuua vijidudu, nyuzi 72 kwa sekunde 15 au 63 kwa nusu saa. Utajuaje? Kuna kimeng'enya kwenye maziwa mabichi kinaitwa fosfatesi, joto linalotosha kuua vijidudu vya hatari ndilo linalokiua na chenyewe, kwa hiyo mkaguzi akikikuta bado kipo hai anajua joto halikufika au kuna mabichi yamechanganyika humo. Hiki kipimo kinaishika lebo yenyewe na kuiuliza kama inasema kweli. Nakipenda kwa sababu hiyo.

Jibini la kusaga nalo, mwaka 2016 kampuni moja ya Pennsylvania inaitwa Castle Cheese ilikiri kosa mahakamani, lebo ilisema parmesan na ndani kulikuwa na majibini mengine ya bei rahisi na selulosi, yaani nyuzi za mimea, ya kujazia. FDA walifika pale baada ya mtu aliyewahi kufanya kazi humo kuwaambia. Sio maabara iliyoanza, ni mfanyakazi. Kwa hiyo nchi ambayo haina ulinzi kwa mtu anayetoa siri ya kiwanda haijakamilisha sheria yake ya chakula hata ikinunua mashine za bei gani, maana yule anayemimina ndoo usiku ndo anajua kilichomo na anaogopa kufukuzwa kazi.

Utaratibu ambao nauona umefikiriwa vizuri kuliko yote niliyosoma ni wa Marekani kuhusu dawa za antibayotiki kwenye maziwa. Ng'ombe akitibiwa maziwa yake hayatakiwi kuuzwa kwa siku kadhaa, na mfugaji ana kila sababu ya kuficha kwa sababu zile siku ni hasara. Basi kila tanki linalofika kiwandani linapimwa dawa za jamii ya penisilini kabla halijashushwa, kila tanki, sio moja katika mia. Na dereva alishachukua sampuli ndogo kwa kila mfugaji wakati anakusanya. Tanki likionekana lina dawa maziwa yote hayaingii kwenye chakula cha watu, zile sampuli ndogo zinapimwa moja moja mpaka mwenyewe apatikane, analipa hasara ya tanki zima pamoja na maziwa ya wenzake, na haruhusiwi kuuza mpaka sampuli yake itoke safi. Akikutwa mara ya tatu ndani ya miezi 12, taratibu za kumfutia kibali zinaanza.

Ningependa kuona utaratibu wa namna hii unawekwa kwenye maji, kwenye protini halisi na kwenye lebo pia, sampuli ya kila mmoja inatunzwa, hakuna mkubwa wa kusamehewa, na majibu yanatolewa kwa jina la kiwanda na namba ya toleo wiki hiyohiyo, sio ile ripoti ya mwisho wa mwaka inayosema asilimia kadhaa ya sampuli hazikukidhi viwango bila kutaja ni za nani, wakati yale makopo yalishanunuliwa na kuisha zamani.